Antoni Gaudí: Mjenzi wa Kanisa Aliyedhaniwa Ombaomba



Vijana wenzangu, wiki hii sikuleteeni mtawa, wala padre, wala mfiadini. Nawaletea mlei. Mtu wa kalamu, rula na mawe. Hakuoa, lakini hakuwa mtawa pia. Alikuwa mkali, alibishana na wateja, ujanani alipenda kupendeza, na siku alipogongwa barabarani watu walidhani ni ombaomba tu. Jina lake ni Antoni Gaudí, msanifu wa kanisa la Sagrada Família, yaani Familia Takatifu, katika jiji la Barcelona, Hispania.

Nimemchagua kwa sababu moja. Wengi wetu tunaishi na mambo yaliyoishia njiani: chuo hakijaisha, biashara haijasimama, uchumba haueleweki, hata novena tunaanza siku ya kwanza na kupotea siku ya nne. Halafu tunajiona hatufai. Sasa huyu mzee alifanya kazi moja kwa miaka 43 na akafa bila kuimaliza. Na Kanisa limeyachunguza maisha yake, likatambua ndani yake fadhila za kishujaa. Hebu tuone kwa nini.

Mtoto wa fundi shaba

Gaudí alizaliwa tarehe 25 Juni 1852 huko Katalonia, kaskazini mashariki mwa Hispania, sehemu yenye lugha yake, Kikatalani. Baba yake, Francesc, alikuwa fundi wa shaba. Alichukua bati bapa la shaba, akaligonga kwa nyundo mpaka likawa chombo chenye tumbo. Mtoto alikaa karakanani akitazama. Baadaye, alipokuwa msanifu mkubwa, Gaudí alikiri kwamba kule ndiko alikojifunza kuliona umbo zima kichwani kabla halijaguswa na mkono. Ninyi ambao wazazi wenu ni mafundi cherehani, seremala au waashi, msilidharau darasa hilo. Halina cheti, lakini ni darasa.

Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watano. Tangu utotoni alisumbuliwa na maumivu ya viungo, hakuweza kukimbia na wenzake kila alipotaka. Basi alitazama. Alitazama konokono, majani, mifupa, magamba ya miti, jinsi tawi linavyotoka kwenye shina. Ugonjwa ulimnyima michezo, lakini ulimpa macho.

Mwaka 1868 alihamia Barcelona kusoma. Fedha hazikutosha, kwa hiyo alisoma huku akiwachorea wasanifu wengine ramani ili apate ada. Na hapo misiba ikaanza kufuatana. Ndugu wawili walikuwa wamekwisha kufariki wakiwa wadogo. Mwaka 1876 akafa kaka yake, aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu udaktari, na haukupita muda mrefu mama yao naye akafariki. Gaudí alihitimu mwaka 1878. Mwaka uliofuata akafa dada yake Rosa, akaacha binti mdogo. Yaani kijana wa miaka 27 anaanza kazi, na katika nyumba yao wamebaki watatu: yeye, baba mzee, na mtoto wa dada.

Kijana aliyependa kupendeza

Tusimfanye mtakatifu wa plasta tangu tumboni. Gaudí wa miaka hiyo alikuwa kijana wa mjini. Ndevu zimechongwa vizuri, suti nzuri, kofia nzuri, tiketi ya opera mfukoni. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba alimpenda mwalimu mmoja, Josefa Moreu, akamposa, akakataliwa. Hakuoa tena. Kama na wewe umeshawahi kuambiwa hapana, basi una mwenzako.

Kipaji kilimfungulia milango haraka. Mwaka 1878, katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya Paris, kulikuwa na kabati la kioo la kuonyeshea glovu ambalo Gaudí alilichora. Kabati tu! Tajiri mmoja wa Barcelona, Eusebi Güell, akaliona, akauliza nani kalifanya. Urafiki wao ulidumu miaka 40. Gaudí alimjengea jumba, akamtengenezea bustani ya Park Güell yenye mabenchi yaliyofunikwa kwa vipande vya vigae vilivyovunjika, na akaanza kujenga kanisa la wafanyakazi wa kiwanda chake.

Hapo kwenye vigae nisimame kidogo. Vigae vikivunjika fundi wa kawaida anavitupa. Gaudí alivikusanya, akavipanga upya, vikawa urembo ambao leo watu wanapanda ndege kwenda kuutazama. Mimi nikikaa kwenye foleni ya kitubio, picha hiyo hunisaidia kuliko maneno mengi.

Kanisa la sadaka

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Wazo la Sagrada Família halikutoka kwa Gaudí, wala kwa askofu. Lilitoka kwa mlei mwingine, muuza vitabu aliyeitwa Josep Maria Bocabella, aliyekuwa ameanzisha chama cha watu wenye ibada kwa Mtakatifu Yosefu. Alitaka kanisa la malipizi, yaani kanisa la kuomba msamaha kwa ajili ya dhambi za watu, na akataka lijengwe kwa sadaka. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 19 Machi 1882, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Msanifu wa kwanza, Francisco de Paula del Villar, alitofautiana na wenye kazi, akaondoka. Mwaka 1883 kazi akapewa Gaudí. Alikuwa na miaka 31.

Inaonekana alipoanza ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Lakini ukichora malango ya kanisa unalazimika kuuliza nani anapita pale. Ukichonga Kuzaliwa kwa Bwana unalazimika kusoma Injili. Akaanza kusoma, kuuliza mapadre, kufuata liturujia ya mwaka mzima. Kidogo kidogo aliyekuwa anajenga kanisa akawa yeye ndiye anayejengwa. Suti nzuri zikaisha, opera ikaisha, Misa na rozari zikashika nafasi.

Na kama ilivyo kwa wengi wetu tukishika moto, alipitiliza. Kwaresima ya mwaka 1894 alifunga kiasi cha kuanguka kitandani, maisha yake yakawa hatarini. Aliyemwokoa ni padre rafiki yake, Josep Torras i Bages, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Vic. Alimfanya aelewe kwamba ana utume wa kutimiza, na mwili wake ni wa utume huo. Gaudí akatii, akala. Napenda sana tukio hili. Kufunga ni kuzuri, lakini kutii kulikuwa fungo gumu zaidi kwa mtu mwenye kichwa kigumu kama yeye. Wewe unayejipangia mafungo makali bila kumwambia mtu yeyote, tafuta padre uzungumze naye.

Alivyojenga

Wengine wenu mnasoma ujenzi, mtanielewa. Gaudí hakuridhika na kuta nene za kushikiliwa na mihimili ya nje. Alichukua nyuzi, akazining'iniza kutoka darini, akafunga vifuko vidogo vyenye chembe za risasi kama uzito. Nyuzi zikajipinda zenyewe jinsi uzito unavyotaka. Akapiga picha, akaigeuza juu chini. Basi! Mstari uliokuwa unaning'inia ukawa tao linalojisimamia. Ramani yake akaichukua kutoka kwenye uzito wenyewe, kwenye sheria ambazo Mungu ameziweka katika viumbe.

Ndani ya kanisa nguzo ni kama miti. Zinapanda, zinatoa matawi, na matawi yanabeba dari kama msitu. Upande wa mashariki kuna lango la Kuzaliwa kwa Yesu, limejaa mimea, ndege na wanyama. Kwa sanamu zake alitumia watu wa mtaani pale pale kama mifano, majirani na wafanyakazi. Nguzo mbili kubwa za lango hilo zimekaa juu ya kasa na kobe: kasa wa bahari upande wa baharini, kobe wa nchi kavu upande wa milimani. Minara iliyopangwa ni 18: 12 ya Mitume, 4 ya Wainjili, mmoja wa Bikira Maria, na mrefu kuliko yote wa Yesu Kristo. Juu ya minara kumeandikwa maneno ya wimbo wa Mtakatifu tunaouimba Misani, ili anayeinua macho ajikute anasali.

Mnara wa Yesu aliupangia urefu wa mita 172.5. Kwa nini asifike 180? Kwa sababu karibu na jiji kuna kilima cha Montjuïc chenye mita 177 hivi, na Gaudí hakutaka kazi ya mkono wa mtu ipite kazi ya Mungu. Fikiria msanifu mwenye sifa kubwa kama yake anajizuia kwa ajili ya kilima.

Hata Afrika alikaribia kujenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 aliombwa kuchora majengo ya wamisionari Wafransisko huko Tangier, Moroko. Alichora, lakini hayakujengwa kamwe. Je, ilipotea bure? Hapana. Umbo la minara ile lilihamia Sagrada Família. Mlango mmoja ulipofungwa, kazi yake ilipita kwa mwingine.

Fedha za mawe na njaa ya watu

Kuna swali ambalo najua mnalo, maana linaulizwa kwenye kila jumuiya kila bahasha za ujenzi zinapogawiwa: kwa nini mawe wakati kuna wenye njaa? Si swali baya, na mimi sipendi lijibiwe kwa kukemewa. Barcelona pia waliliuliza, tena kwa ukali. Mwezi Julai 1909 wafanyakazi maskini waliandamana kupinga watu kupelekwa vitani Moroko, ghasia zikalipuka, na makanisa na nyumba za watawa nyingi zikachomwa moto. Hasira ile ilikuwa na chanzo. Kulikuwa na umaskini wa kweli na watu waliona Kanisa liko upande wa wenye nacho.

Gaudí hakuandika makala ya kujitetea. Mwaka huo huo 1909, kwenye eneo la ujenzi, alijenga shule ya watoto wa wafanyakazi na wa mtaa ule maskini. Matofali membamba, gharama ndogo, lakini paa na kuta zake zinajikunja kama mawimbi, ndogo na nzuri kabisa. Hakuona kwamba maskini wanastahili kitu kibaya kwa kuwa ni maskini.

Na yeye mwenyewe je? Sadaka zilipopungua, hasa kuanzia miaka ya vita kuu ya kwanza, alitoka kwenda kuomba michango kwa watu, mlango kwa mlango. Msanifu aliyewajengea matajiri majumba, sasa anapiga hodi kwao akiomba kwa ajili ya kanisa. Tangu mwaka 1914 hakuchukua tena kazi nyingine ila hiyo. Kwa hiyo kama swali ni fedha za kanisa zinakwenda wapi, kwa Gaudí jibu lilionekana kwenye koti lake lililochakaa. Nadhani ndiyo sababu watu waliendelea kumpa. Viongozi wetu wa vijana tunaoshika madaftari ya michango, tujipime hapo.

Miaka ya upweke

Waliompenda waliondoka mmoja mmoja. Baba alifariki mwaka 1906 akiwa na zaidi ya miaka 90. Yule binti wa dada aliyemlea akafariki mwaka 1912. Mwaka 1914 msaidizi wake mpendwa, Francesc Berenguer. Mwaka 1916 Askofu Torras i Bages. Mwaka 1918 Güell. Mzee akabaki peke yake.

Angeweza kukunja ramani zake. Hakukunja. Kila siku alikuwa na ratiba: Misa, kazi, kisha jioni anatembea kwa miguu hadi kanisa la Mtakatifu Filipo Neri kusali na kumwona muungamishi wake. Mwaka 1924, akiwa na miaka 72, alitaka kuingia kanisani kwa Misa siku ambayo utawala wa kidikteta ulizuia watu. Polisi wakamhoji, akakataa kuwajibu kwa Kihispania, akaendelea na Kikatalani chake, wakamweka mahabusu saa kadhaa. Ukaidi hakuuacha kabisa, lakini angalau sasa ulikuwa unatumika vizuri!

Mwaka 1925 alihamia kabisa kwenye karakana ya ujenzi, akalala kati ya michoro na sanamu za plasta. Tarehe 30 Novemba mwaka huo mnara wa Mtume Barnaba ulikamilika. Kati ya minara 18, huo mmoja tu ndio aliouona umekamilika kwa macho yake.

Barabara ya Gran Via

Tarehe 7 Juni 1926, jioni, alikuwa anakwenda kusali kama kawaida. Akivuka barabara ya Gran Via aligongwa na tramu. Hakuwa na kitambulisho. Nguo zimechakaa, mwili umekonda, ndevu nyeupe. Waliosogea waliona maskini wa barabarani. Madereva wa teksi walikataa kumbeba. Mwishowe akafikishwa Hospitali ya Msalaba Mtakatifu, hospitali ya maskini, akalazwa pamoja nao. Kesho yake tu ndipo padre wa Sagrada Família alipomtambua. Inasimuliwa kwamba marafiki walitaka kumhamishia mahali pazuri zaidi, naye akachagua kubaki. Alipokea sakramenti, akafariki tarehe 10 Juni 1926, karibu kutimiza miaka 74.

Nimesoma habari hii mara nyingi, na kila mara nabaki na swali moja: mimi ningekuwa dereva wa teksi, ningembeba? Tujibu kwa ukweli. Kama angekuwa na suti ya ujana wake, asingekosa usafiri. Mji uliojivunia majengo yake ulimpita mjenzi mwenyewe. Siku ya maziko umati mkubwa ulijaa barabarani, lakini mwenye kuhitaji mkono alikuwa yule wa siku tano kabla. Bwana wetu katika Injili ya Mathayo sura ya 25 ametuonya tutahukumiwa kwa jambo gani. Si kwa umati wa maziko.

Alizikwa ndani ya kanisa lake, katika ukumbi wa chini, kwenye kikanisa cha Mama Yetu wa Mlima Karmeli.

Kazi iliyokataa kufa

Mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, karakana ilichomwa. Michoro ikaungua, sanamu za plasta zikavunjwavunjwa. Hapo wengi wangesema basi. Lakini waliokuja baadaye waliokota vipande, wakavipanga, wakasoma upya wazo lake. Mnakumbuka vile vigae?

Mwaka 1978 alifika kijana Mjapani, mchongaji Etsuro Sotoo, ambaye hakuwa Mkristo. Alikuja kuchonga mawe. Ili aelewe Gaudí alikuwa anatazama nini, ikabidi atazame naye upande ule ule, na hatimaye akabatizwa Mkatoliki. Tarehe 7 Novemba 2010 Papa Benedikto wa 16 aliliweka wakfu kanisa hilo likawa basilika. Mwaka 2025 mnara wa Yesu, ukiwa bado unajengwa, uliupita mnara wa kanisa la Ulm, Ujerumani, Sagrada Família ikawa kanisa refu kuliko yote duniani.

Na tarehe 14 Aprili 2025, wiki moja kabla ya kifo chake, Papa Fransisko aliidhinisha tamko la fadhila za kishujaa za Gaudí. Maana yake sasa anaitwa Mheshimiwa. Tuelewane vizuri: bado si Mwenye Heri wala Mtakatifu, kwa hiyo hatumfanyii ibada ya hadhara. Lakini kila mmoja wetu anaweza kuomba maombezi yake katika sala binafsi.

Ya kubeba wiki hii

Chukua karatasi, uandike kazi moja njema uliyoiacha njiani. Moja tu. Kisha fanya hatua yake moja ndogo kabla ya Jumapili, bila kujiuliza utamaliza lini. Pili, mtu mmoja ambaye huwa unampita kwa sababu ya nguo zake, msimamie, msalimie, muulize jina. Tatu, kama muda mrefu umepita hujaenda kitubio, nenda. Mzee wetu alikuwa njiani kwenda kusali siku ile, na ilikuwa siku kama nyingine zote kwake.

Tusali. Ee Mungu, uliye mjenzi wa vitu vyote, sisi ni vipande vilivyovunjika mikononi mwako. Utupange upendavyo. Utupe uvumilivu wa kuweka tofali la leo hata kama paa hatutaliona. Utufumbue macho tumtambue Mwanao akiwa amelala kando ya barabara. Familia Takatifu ya Nazareti, Yesu, Maria na Yosefu, mtuombee na kutulinda. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.